Sayyida Salme wa Unguja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Nasaba Yake na Vitabu Vinavyomtaja

Jina lake utaliona limeandikwa Salme, Salma, Salama, na kwenye kaburi lake na vitabu vya Ulaya, Emily Ruete. Wote ni mtu mmoja. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayorudiwa zaidi na watu wanaomaliza kusoma habari zake kwa mara ya kwanza, au waliotoka kuona chumba chake katika Makumbusho ya Kasri kule Mizingani. Mengine yanajibika kwa sentensi mbili. Mengine yanataka kikombe cha kahawa.

Salme alikuwa nani, kwa ufupi?

Binti wa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar. Alizaliwa 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja. Mwaka 1866 alitoroka, akaenda Aden, akabatizwa na kuolewa na mfanyabiashara kutoka Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete. Akaishi Ujerumani, baadaye Jaffa na Beirut, na akafariki mjini Jena tarehe 29 Februari 1924. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu za maisha yake, na kitabu hicho ndicho kilichomfanya ajulikane. Ndugu zake wengi walikuwa na damu ile ile na leo hata majina yao hatuyajui.

Nasaba yake inaanzia wapi?

Ukiiandika kwa mtindo wa nyumbani ni hivi: Salme bint Said bin Sultan bin Ahmad bin Said, Al-Busaidi. Huyo Ahmad bin Said, baba wa babu yake Salme, ndiye aliyeanzisha utawala wa ukoo huu. Hakuzaliwa mfalme. Alikuwa liwali wa mji wa Sohar katika siku za mwisho za Mayaarubi, ukoo uliotawala Omani kabla yake, wakati Waajemi wameingia Omani na koo zinapigana zenyewe kwa zenyewe. Aliushikilia Sohar, akawatoa Waajemi, na katika miaka ya 1740 akachaguliwa kuwa imamu kwa utaratibu wa madhehebu ya Ibadhi. Kwa hiyo kutoka liwali hadi Salme ni vizazi vitatu tu. Ukilinganisha na nyumba za kifalme za Ulaya alikokwenda kuishi, ulikuwa ufalme mchanga.

Babu yake, Sultan bin Ahmad, aliuawa katika mapigano baharini mwaka 1804, akaacha watoto wadogo. Mwanamke ndiye aliyeokoa jahazi: Moza bint Ahmad, dada wa marehemu na shangazi yake Said. Salme anamsimulia bibi huyo kwa fahari kubwa katika kitabu chake, namna alivyoshika mambo wakati wanaume wanasitasita. Mwaka 1806 Said mwenyewe, kijana bado, akamuua binamu yake Badr bin Saif na kubaki mtawala pekee. Hilo la Badr hutajwa kwa sauti ya chini kwenye hadithi za ukoo, lakini ndilo lililomfungulia mlango.

"Sayyid" na "Sayyida" maana yake ni kwamba ni Masharifu, wa kizazi cha Mtume?

Hapana, na kosa hili ni la kawaida sana pwani, ambako neno "sayyid" kwa Waswahili wengi linaashiria Masharifu, hasa wa Hadhramaut. Kwa Mabusaidi ni cheo cha heshima cha watu wa nyumba ya mtawala. Lilianza kutumika kwao baada ya watawala kuacha kuchaguliwa kuwa maimamu, wakabaki na uongozi wa dunia bila ule wa dini. Sayyid Said hakuwa imamu, ingawa Wazungu walimwita "Imamu wa Maskati" mpaka mwisho.

Kwa hiyo "binti mfalme" si jina sahihi?

Ni tafsiri. Nyumbani aliitwa Bibi au Sayyida. "Prinzessin" ni neno la mchapishaji na la wasomaji wa Berlin, na ni kweli liliuza kitabu. Lakini halikuwa uongo: baba yake alitawala nchi, ndugu zake wakatawala baada yake. Mimi nalitumia bila kusita ninapozungumza na mgeni, na nikizungumza na mtu wa Unguja nasema Bibi Salme, basi.

Mama yake alikuwa mtumwa. Inawezekanaje binti awe wa kifalme?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na linastahili jibu refu kidogo.

Mama yake aliitwa Jilfidan, Mcherkasi, mtu wa milima ya Kaukazi. Kwa masimulizi ya Salme, mama alikuwa mtoto wa mkulima. Vita vilipita kijijini, wazazi wakauawa, ndugu wakatenganishwa, na yeye akauzwa mpaka akafika katika nyumba ya Sayyid Said akiwa mtoto wa miaka saba au minane. Salme anasema jino la kwanza la utoto lilimtoka mama yake akiwa tayari katika nyumba hiyo. Alikua pamoja na binti za Sayyid walio rika lake, akajifunza kusoma nao, na alipokuwa mtu mzima akawa suria wa Sayyid.

Sasa sheria. Katika fikihi, mtoto ambaye bwana amezaa na suria wake na kumkubali ni huru tangu kuzaliwa, na nasaba yake ni ya baba. Hana upungufu wowote mbele ya mtoto wa mke wa ndoa: jina moja, haki moja ya kurithi. Na mama, akishazaa, huwa *umm walad*: hauzwi tena, na bwana akifa anakuwa huru. Katika nyumba ya Sayyid Said jambo hili halikuwa la pembeni, ndilo lililokuwa kawaida yenyewe. Mkewe mkuu, Azza bint Seif, alikuwa mwanamke wa Kiomani wa daraja la juu, mkali, aliyeogopwa nyumba nzima, lakini hakuacha mtoto. Watoto aliowaacha Sayyid, thelathini na sita kwa hesabu ya Salme, wanaume kumi na wanane na wanawake kumi na wanane, wote walikuwa wa masuria: Wacherkasi, Wahabeshi, Wajojia na wengineo.

Kwa maneno mengine, kila sultani aliyekalia kiti Unguja baada ya 1856 alitokana na mwanamke aliyenunuliwa. Wasomaji wa Ujerumani hawakulielewa hilo, na Salme alitumia kurasa nyingi kulifafanua. Hata hivyo anakiri kwamba ndani ya nyumba kulikuwa na makundi. Watoto wa Wacherkasi na watoto wa Wahabeshi walitazamana kwa jicho la pembeni, na waliotokana na Wahabeshi waliwasema wenzao kwa weupe wao, wakiwaita paka kwa sababu baadhi yao walikuwa na macho ya buluu. Sheria ilisawazisha urithi. Midomo ya watoto haikusawazishika.

Ndugu zake wangapi walitawala?

Sita, kwa baba mmoja. Sayyid Said alipofariki baharini karibu na Shelisheli, Oktoba 1856, dola iligawanyika. Maskati ilishikwa na Thuwaini, na baadaye Turki. Unguja walitawala Majid (1856–1870), Barghash (1870–1888), Khalifa (1888–1890) na Ali (1890–1893). Ugomvi wa Thuwaini na Majid ulisuluhishwa na Waingereza mwaka 1861, Unguja ikatakiwa kuilipa Maskati riale 40,000 kila mwaka.

Wengine hudhani Barghash alikuwa baba yake. Ni kaka yake, na ndiye aliyemkataa mpaka kufa.

Ana uhusiano gani na Sultani wa sasa wa Omani?

Fuata majina: Haitham bin Tariq bin Taimur bin Faisal bin Turki bin Said. Turki ndiye kaka yake Salme. Upande wa Unguja, sultani wa mwisho aliyepinduliwa 12 Januari 1964 alikuwa Jamshid bin Abdullah bin Khalifa bin Harub bin Thuwaini bin Said. Kwa hiyo nyumba zote mbili, iliyobaki na iliyoondoka, zinakutana kwa baba yake.

Alijifunzaje kuandika, na kwa nini watu wanalikuza jambo hili?

Wasichana wa jumbani walifundishwa kusoma Kurani, basi. Kuandika kulikuwa kwa wanaume. Salme akachukua mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa chuoni siku zile, kalamu na wino, akawa ananakili herufi za msahafu kwa siri mpaka mkono ukakubali. Baadaye akatafuta mwalimu.

Jambo linakuzwa kwa sababu lilimponza. Mwaka 1859, akiwa na miaka kumi na mitano, Barghash alipanga njama ya kumpindua Majid. Dada yao Khole, aliyempenda Barghash kupita kiasi, akamvuta Salme. Katika kundi lile la mabibi yeye ndiye aliyeweza kuandika bila kumshirikisha karani, basi barua za njama zikaandikwa kwa mkono wake. Nyumba ya Barghash ilipozingirwa, Khole na Salme walikwenda usiku wakiongozana na wanawake, wakamtoa kaka yao mlangoni amejifunika nguo za kike. Akakimbilia shamba la Marseille, askari wa Majid na manowari ya Kiingereza wakamshinda, akapelekwa Bombay.

Majid alimsamehe Salme. Salme naye akapatana na Majid, na hapo ndipo Barghash na Khole walipomhesabu msaliti. Kabla habari za Ruete hazijaanza, alikuwa tayari amekwishatengwa na nusu ya ukoo wake. Ukisoma vitabu vinavyoanza na mapenzi ya kwenye paa la nyumba, kumbuka kwamba vimeruka sehemu hii.

Ni kweli alitoroka kwa sababu ya mapenzi?

Alikuwa na mimba. Kitabu chake chenyewe hakisemi neno hilo. Sura inayohusu kuondoka ni fupi kuliko zote zenye uzito, anasema tu kwamba walikuwa majirani, nyumba zikitazamana kwenye uchochoro, urafiki ukageuka mapenzi, mji ukajua. Mwanamke wa Kiislamu wa ukoo ule, mimba bila ndoa, na mwanamume si Mwislamu: hatari ya kifo ilikuwa ya kweli, hata kama Majid mwenyewe hakuwa mtu wa kumwaga damu ya dada yake.

Usiku wa 24 Agosti 1866 akapanda manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer. Husimuliwa kwamba ulikuwa msimu wa Siku ya Mwaka, wakati watu wanakwenda pwani kukoga usiku, na hivyo mwanamke kushuka ufukoni hakukumshtua mtu. Mtoto alizaliwa Aden, akapewa jina Heinrich. Tarehe 30 Mei 1867 Salme akabatizwa Emily na kufunga ndoa siku hiyo hiyo, kisha wakaanza safari ya Ulaya. Mtoto alifariki njiani.

Ndoa ilidumu miaka mitatu na kidogo. Agosti 1870 Ruete aliangukia chini ya tramu mjini Hamburg akafariki siku chache baadaye. Akamwacha mjane wa miaka ishirini na mitano na watoto watatu, mdogo akiwa na miezi minne.

Kitabu chake kinaitwaje, na kiliandikwa kwa lugha gani?

*Memoiren einer arabischen Prinzessin*, Berlin, 1886. Kijerumani, lugha aliyojifunza ukubwani. Mwanzo alikuwa akiwaandikia watoto wake, waliokuwa wadogo mno kuelewa mama yao katoka wapi, na aliogopa kufa kabla hajawaeleza. Miaka kadhaa baadaye ndipo akakubali kuchapisha. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka 1888. Nyingine, ya Lionel Strachey, ikatoka New York 1907. Zamani wengi walisoma hizo bila kujua kuwa tafsiri za awali zilijipa uhuru mwingi na maneno yake. Baadaye mmoja wa uzao wake mwenyewe alikitafsiri upya kwa Kiingereza ili kukifuata Kijerumani kwa karibu.

Kuna maandishi ya pili, barua alizoziita *Briefe nach der Heimat*, yaani barua kwa nyumbani. Zinahusu miaka ya Ujerumani: baridi, upweke, deni, namna watu wa Hamburg walivyomkodolea macho. Hizo hazikuchapishwa katika uhai wake. Zilitoka kwa Kiingereza mwaka 1993 chini ya uhariri wa E. van Donzel, na kwa Kijerumani 1999. Kwa maoni yangu barua ni bora kuliko kumbukumbu. Katika kumbukumbu anaitetea nyumba ya baba yake mbele ya wageni, kwenye barua hamtetei mtu.

Waandishi gani wengine wamemtaja?

Wengi, na inafaa kuwatenganisha kwa kile wanachotafuta kwake.

Wa mapema mwenye jina kubwa ni Oscar Wilde. Alipokuwa mhariri wa jarida la wanawake la London, *The Woman's World*, aliandika kuhusu tafsiri ya Kiingereza ya kumbukumbu na kuisifu, akiipendekeza kwa yeyote anayetaka kujua hali ya wanawake wa Mashariki. Kilichomvutia zaidi ni wito wa Salme wa kupeleka madaktari wanawake kwenye nchi ambako mgonjwa wa kike hawezi kuonwa na daktari wa kiume. Si jambo la kubuni: kipindupindu cha 1859 kilimchukua mama yake.

Baada yake wakaja waandishi wa riwaya. M. M. Kaye, Mwingereza mzaliwa wa India, aliiweka *Trade Wind* (1963) katika Unguja ya 1859, na njama ya Barghash imo ndani, pamoja na Khole na Salme kama wahusika wadogo. Asiyejua historia atadhani bibi hao ni wa kubuniwa. Anayeijua ataona matukio mengi yamechotwa moja kwa moja kwenye kumbukumbu za Salme, hata mpangilio wa vyumba.

Wajerumani walimrudia katika karne hii. Hans Christoph Buch alimtia katika *Sansibar Blues* (2008), riwaya yenye kejeli inayomweka jirani na Tippu Tip na kuwacheka Wazungu waliokwenda "kugundua" pwani yetu. Nicole C. Vosseler akaandika *Sterne über Sansibar* (2010), ya mapenzi na machozi, nene, yenye wasomaji wengi, na ndiyo iliyowaleta watalii wengi wa Kijerumani kuuliza nyumba yake iko wapi. Mswisi Lukas Hartmann, katika *Abschied von Sansibar* (2013), alifanya jambo la busara zaidi: akamwacha mama nyuma kidogo na kuwafuata watoto watatu, damu nusu, katika Ulaya ya vita viwili.

Niseme ninaloliona. Kisima ni kimoja. Karibu kila kitu kinachosemwa juu ya maisha ya ndani ya majumba ya Mtoni, Beit el-Watoro na Beit el-Sahel kimetoka katika kalamu ya Salme, kwa sababu hakuna bibi mwingine wa ukoo ule katika karne ya 19 aliyeandika kitabu. Mwandishi wa riwaya anapoeleza bembea, mazoezi ya farasi, mabafu ya Mtoni, au lile roshani kubwa la mbao lililoning'inia juu ya bahari ambapo Sayyid alikuwa akitembea akiwaza, anamnakili yeye. Kwa hiyo ukisoma riwaya tatu zikakubaliana, usidhani umepata mashahidi watatu. Umemsikia Salme mara tatu.

Na waandishi wa Kiswahili?

Kwa Kiswahili habari zake zimeishi zaidi mdomoni kuliko vitabuni. Kwa muda mrefu alikuwa jambo la aibu kwa ukoo, na baada ya 1964 habari za nyumba ya sultani hazikuwa za kusimulia hadharani. Chumba chake kwenye makumbusho na mazungumzo ya miaka ya karibuni vimebadilisha hali hiyo kiasi.

Ni kweli aliutetea utumwa?

Ndiyo. Kumbukumbu zina sura nzima. Anasema utumwa wa Mashariki usifananishwe na ule wa Marekani, kwamba Waingereza walipiga marufuku bila kujua nchi, na juu ya Waafrika weusi anasema mambo ya dharau ambayo hayana tafsiri laini. Aliyaandika hayo miaka zaidi ya kumi baada ya soko la watumwa la Unguja kufungwa mwaka 1873, akiwa Ulaya, akiwa amesoma hoja za upande wa pili. Na aliyaandika akiwa binti wa mwanamke aliyeuzwa utotoni. Msomaji mmoja ataona hapo mtu anayelinda jina la baba yake, mwingine ataona bibi wa mashamba ya karafuu anayelinda mali. Naona yote mawili yapo, na la pili lina uzito kuliko wanaomsifu wanavyopenda kukiri.

Hamburg ililipata fundisho hili kwa kuchelewa. Mwaka 2019 uwanja mdogo wa mji ulipewa jina lake. Watu wakafungua kitabu, wakasoma sura ile, mjadala ukazuka, na wilaya ikaamua jina libadilishwe.

Alirudi Unguja?

Mara mbili, 1885 na 1888. Mara ya kwanza ndiyo inayozungumzwa. Alijaribu kwanza mwaka 1875, Barghash alipozuru London, Waingereza wakamzuia asimwone. Miaka kumi baadaye Bismarck, kansela wa Ujerumani, akaona faida. Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilijipanga mbele ya mji kumlazimisha Barghash akubali himaya ya Wajerumani bara, na Salme aliletwa na watoto wake katika msafara huo huo. Wanahistoria wengi wanaona alikuwa chambo: Barghash akimgusa, Ujerumani inapata sababu ya kupigana. Barghash hakumgusa na hakumpokea. Alipokwisha kukubali masharti, Salme hakuwa na kazi tena kwa Berlin.

Watu wa mji walikuwa na moyo mwingine. Walimfuata mitaani, wakamsalimu kwa Kiarabu na Kiswahili. Ni katika kueleza safari hiyo anapoandika kwamba alitoka nyumbani Mwarabu kamili na Mwislamu mwema, na sasa ni nini? Mkristo mbaya, na Mjerumani zaidi ya nusu kidogo.

Wanaouliza kama Ujerumani iliiuza Unguja kwa kisiwa cha Heligoland mwaka 1890: haikuwa nayo ya kuiuza. Iliacha madai yake tu, Uingereza ikaweka himaya.

Kwa nini hakupewa urithi wake?

Urithi wa baba aliupata: alipofikisha miaka kumi na miwili alihesabiwa mtu mzima, akagawiwa shamba na fedha. Alichodai baadaye ni fungu lake kwa ndugu waliokufa, akiwemo Majid. Kwa sheria ya Kiislamu aliyetoka katika dini hamrithi Mwislamu, na Barghash aliishika sheria hiyo kwa mikono miwili. Serikali ya Ujerumani nayo haikutaka kumgombania kwa dhati. Akaishi kwa kufundisha Kiarabu na kwa kalamu.

Watoto wake walirithi cheo chochote?

Unguja, hapana. Nasaba hupita kwa baba, na baba yao alikuwa Ruete. Lakini kila mmoja alikuwa na jina la pili la Kiarabu: Antonie Thawka, Rudolph Said, Rosalie Ghuza. Antonie aliolewa na Eugen Brandeis, aliyekuwa mtawala wa kikoloni wa Kijerumani katika Visiwa vya Marshall, na akaandika kitabu cha mapishi ya nchi za joto. Aliuawa kwa mabomu Aprili 1945. Rosalie aliolewa na ofisa wa jeshi la Prussia.

Rudolph ndiye aliyeing'ang'ania nasaba. Aliunganisha jina la babu na la baba akawa Said-Ruete, akaoa mke wa familia ya Kiyahudi, akauacha uraia wa Ujerumani na kuwa Mwingereza mwaka 1934. Kitabu chake juu ya babu yake, *Said bin Sultan*, kilitoka London 1929 na bado kinatumiwa na watafiti. Alifariki 1946.

Amezikwa wapi?

Makaburi ya Ohlsdorf, Hamburg, pamoja na ukoo wa mumewe. Katika vitu vyake palikutwa mchanga wa pwani ya Unguja aliokuwa ameuhifadhi miaka yote hiyo, ukazikwa naye.

Nikienda Unguja, nione nini?

Mtoni, alikozaliwa, ni magofu pembezoni mwa barabara ya Bububu: kuta, matao, sehemu ya mabafu. Usiyachanganye na magofu ya Maruhubi yaliyo karibu zaidi na mji. Yale ni ya Barghash, yalijengwa Salme akiwa tayari Ujerumani, ingawa mara nyingi utasikia mtu akimwonyesha mgeni nguzo za Maruhubi na kusema "hapa ndipo alipozaliwa binti mfalme". Beit el-Sahel alilolijua liliharibiwa na mizinga ya Waingereza mwaka 1896. Jengo unaloliona mahali pake lilijengwa baadaye na ndilo lenye Makumbusho ya Kasri, chumba chake kimo humo. Beit al-Ajaib la jirani, la mwaka 1883, hakuwahi kuishi, alilitazama kutoka mjini alipokuja 1885, mlango ukiwa umefungwa kwake. Nenda Mtoni jioni, maji yakijaa. Bahari ndiyo pekee iliyobaki mahali alipoiacha.